Nimemyuti video ila nikiekspoti sauti bado ipo, nakosea wapi?

Shemeji_Kamera

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana kichwa kinaniuma. Nina video ya familia, dakika kumi na mbili hivi, mtoto wa dada yangu anasoma shairi mbele ya watu, picha imetoka safi, hata mwanga uko poa. Shida ni sauti. Aliyeshika simu alikuwa anapiga stori na mtu wa pembeni yake mwanzo mwisho, na sio stori za hali ya hewa, wanamsema shangazi mmoja na madeni yake, jina limetajwa kabisa. Na huyo shangazi ndiye anayeidai video kila siku 😩

Natumia Shotcut, programu ya kuediti video, kwenye laptopu ya Windows. Nimefungua video nikabofya kile kialama cha spika pale chini ya dirisha la prevyu, sauti ikakata, nikafurahi, nikaekspoti. Kufungua faili jipya, umbea wote umo ndani kama ulivyo. Nikajaribu njia nyingine, nikaishusha kwenye taimulaini (ule ukanda wa chini unapopanga vipande) nikakata kipande chenye maneno nikakidiliti, basi na picha ikaondoka nayo, mtoto anaruka kutoka mstari wa pili wa shairi hadi wa tano.

Ninachotaka ni umbea utoke shairi libaki. Ikishindikana kabisa nitoe sauti yote niweke muziki. Na vyovyote itakavyokuwa nijue kwa uhakika kwamba imetoka kweli, isije ikafunguliwa kwenye simu ya mtu ikarudi.

FundiKlipu

Mkuu hicho kialama ulichobofya ni cha masikio yako tu. Spika ya chini ya prevyu inazima sauti unayoisikia wewe wakati unaediti, ipo ili usisumbue watu ndani, haigusi video hata kidogo. Programu karibu zote ziko hivyo na karibu kila anayeanza anaibofya hiyo kwanza kwa sababu ndiyo kubwa na iko machoni.

Spika unayoitaka iko kushoto kwa taimulaini, kwenye kichwa cha treki (ule mstari ambao klipu zimepangwa), pale penye V1, yaani treki ya kwanza ya video. Hapo kuna vialama vidogo, jicho la kuficha picha, kufuli, na spika. Ukibofya spika hiyo treki nzima inanyamaza na ukiekspoti inatoka kimya. Ila angalia, ni treki NZIMA, kama umeweka klipu zingine kwenye treki hiyo hiyo nazo zitanyamaza.

Kama ni klipu moja tu, ichague, nenda kwenye Properties, sehemu ya Audio, pale pa kuchagua treki weka "None". Au bandika filta inayoitwa Mute juu ya klipu, hii mimi naipenda zaidi kwa sababu unaweza kuiwasha na kuizima kwa tiki moja ukabadili mawazo.

Kuhusu picha kuondoka na sauti, hiyo ni kwa sababu picha na sauti kwenye klipu vimeshikana, unakata kimoja umekata vyote. Inabidi uvitenganishe kwanza. Bofya kulia juu ya klipu utafute "Detach Audio", sauti itashuka kwenye treki yake chini, A1, na picha itabaki juu. Sasa hapo chini unakata unavyotaka.

Jambo moja la kuangalia sana. Ukikata kipande cha sauti usitumie ile amri ya kudiliti inayovuta vilivyobaki visogee kuziba pengo (Ripple Delete), tumia Lift, inayoacha pengo wazi. Ukiacha sauti isogee mbele mdomo wa mtoto na maneno havitakutana tena mpaka mwisho wa video. Kwa usalama funga kufuli la treki ya picha kabla hujaanza.

Mtu_wa_Pwani_ya_Data

Tutumie kwanza hiyo video kabla hujaikata 😂😂 hayo madeni ya shangazi tunataka kuyasikia na sisi

Shemeji_Kamera

@Mtu_wa_Pwani_ya_Data wewe usinichekeshe, nina hali mbaya huku

@FundiKlipu nimefanya Detach imekubali, asante mkuu. Nimekata vipande vya umbea nimeacha mapengo kama ulivyosema. Sasa tatizo jingine, pale palipokatwa panasikika vibaya, yaani kelele za ukumbini zipo, watu, feni, halafu ghafla kimya cha kaburini, halafu zinarudi. Kila mwanzo na mwisho wa pengo kuna kama "tik" hivi. Mtu yeyote akisikia atajua kuna kitu kimefichwa hapa. Halafu kuna sehemu mtoto anasoma na hawa wawili wanaongea palepale, hapo nafanyaje?

bi_taimulaini

Kaka hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kunyamazisha sio kazi, kazi ni mtu asijue kwamba umenyamazisha.

Kimya unachokisikia ni kimya cha kompyuta, sifuri kabisa, na hakuna ukumbi duniani wenye kimya cha namna hiyo. Hata chumba kitupu kina mlio wake, feni, upepo, watu wanapumua, viti vinasogea. Sikio limeshauzoea ule mlio ukiukata linashtuka. Watu wa filamu wanalijua hili, ndiyo maana wakimaliza kurekodi mahali huwa wanaomba kila mtu atulie kidogo warekodi ule mlio wa chumba peke yake, wauweke akiba ya kuzibia viraka.

Wewe hukurekodi akiba lakini unayo ndani ya video yako. Tafuta mahali ambapo hakuna anayeongea, hata sekunde tatu nne tu, labda mtoto anapanda jukwaani au anavuta pumzi kabla hajaanza. Ongeza treki nyingine ya sauti, A2, kopi kile kipande ukipesti chini ya kila pengo. Kama pengo ni refu kuliko kipande, ukirudia kipande kilekile mara nyingi mfululizo sikio litakamata mdundo, hasa kama ndani yake kuna kikohozi au kiti kimelia, kwa hiyo chagua pasafi na ukiweza changanya vipande viwili tofauti. Na chukua kipande kilicho karibu na pengo lenyewe, maana mlio wa mwanzo wa shughuli watu wakiwa wachache sio mlio wa katikati ukumbi umejaa.

Ile "tik" inatokea kwa sababu umekata wimbi la sauti likiwa juu au chini, halijafika sifuri, kwa hiyo spika inarushwa ghafla kutoka pale lilipo wimbi hadi sifuri na huo mrusho ndio unaousikia. Dawa yake ni fedi fupi, yaani sauti ishuke au ipande taratibu badala ya kukatika ghafla, Fade Out Audio pale sauti inapokatika na Fade In Audio inaporudi. Fupi kweli, fremu mbili tatu zinatosha, kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40 kwa hiyo unazungumzia sehemu ya kumi ya sekunde, hakuna atakayesikia. Na kipande cha kuzibia kianze kidogo kabla ya pengo na kiishie kidogo baada yake ili fedi zipishane juu yake, usivipange bega kwa bega.

Wakati mwingine huna hata haja ya kukata. Kama umbea ni mnong'ono tu na hausikiki vizuri, ushushe badala ya kuufuta. Filta ya sauti ina desibeli, ukishusha kama 10 mtu anasikia kama imepungua nusu, ukishusha 20 maneno ya mbali yanazama yenyewe kwenye kelele. Lakini jina la shangazi kata, hilo usicheze nalo, kuna wenye masikio.

Sasa hao wanaoongea juu ya mtoto. Hapo nikwambie ukweli tu, huwezi kumfuta mmoja ukamwacha mwingine kwa kukata, wote wamerekodiwa kwenye maiki moja, wameshachanganyika kama maziwa na chai. Utaona watu wanashauri programu za akili bandia za kusafisha sauti ya mtu, zile zinazotoa kelele zinaacha maneno, na zinafanya kazi nzuri kweli kwa upepo na magari. Ila fikiria jinsi zinavyoamua. Nyingi zimefundishwa kutofautisha sauti ya binadamu na kelele, hazijui binadamu yupi unamtaka. Kwenye video yako wambea wako sentimita chache kutoka kwenye maiki na mtoto yuko mbali jukwaani, kwa hiyo programu itaona wambea ndio wahusika wakuu na mtoto ndiye kelele. Utasafishiwa umbea ung'ae.

Hebu tuambie kwanza sehemu hizo za kuingiliana ni nyingi?

Shemeji_Kamera

Dada "utasafishiwa umbea ung'ae" umeniua 🤣🤣 ngoja nikazisikilize upya na hedifoni nirudi

mtukimya

Mnamzungusha bure kama anataka kutoa sauti yote. Aweke ffmpeg, programu ya video inayotumiwa kwa kuandika amri, mstari mmoja:

ffmpeg -i video.mp4 -c copy -an kimya.mp4

Hiyo -an maana yake usichukue sauti, na -c copy maana yake picha ichukuliwe ilivyo bila kukandwa upya. Ndiyo maana inaisha kwa sekunde chache hata kama video ni ndefu, na ubora wa picha haupungui hata chembe, wakati kwenye programu ya kuediti lazima ikae irenda (itengeneze) video nzima upya ndipo ikupe faili.

Akitaka kunyamazisha kipande tu, tuseme kuanzia dakika 1:12 hadi 1:19, ageuze kuwa sekunde:

ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -af "volume=0:enable='between(t,72,79)'" mpya.mp4

Picha bado haiguswi, sauti tu ndiyo inaenkodiwa upya. Faili la asili lipo palepale, ila hakikisha jina la faili la mwisho ni tofauti na la kwanza.

FundiKlipu

@mtukimya mstari wako ni sahihi na hata mimi nautumia nikiwa na haraka, ila mtu ambaye hajawahi kufungua lile dirisha jeusi ukimpa alama za nukuu ndani ya nukuu kesho atarudi hapa analia. Na huo wa pili utampa kilekile kimya cha kaburini alichokilalamikia.

Asiyetaka kuandika amri kuna LosslessCut, ni bure, inaonyesha treki zilizomo ndani ya video unazima ya sauti unatoa faili, na ndani yake ni ffmpeg hiyohiyo inafanya kazi.

mtukimya

Sawa, simpingi. Lakini swali lake la tatu hakuna aliyelijibu, kujua kama imetoka KWELI.

Ukimyuti treki kwenye Shotcut ukaekspoti kawaida, faili linatoka na treki ya sauti ndani yake, ila imejaa kimya. Maneno hayapo, hayawezi kurudi, kwa hiyo kwa upande wa shangazi uko salama. Ila kama unataka treki yenyewe isiwepo, kwenye Export fungua Advanced, sehemu ya Audio, weka tiki kwenye "Disable audio". Halafu faili litakalotoka lifungue na MediaInfo, itakuorodheshea kilichomo, kama haijataja sehemu ya sauti basi haipo.

Na usimtumie mtu faili la projekti. Lile la .mlt ni maelezo tu ya wapi ukate wapi ufedi, linaelekeza kwenye video ya asili ambayo haijaguswa. Ukimtumia mtu folda nzima ili akusaidie kuediti, umbea wote umempa mkononi.

Kobe_wa_Laptop

Samahani nadandia uzi, mimi nina laptopu ya zamani ina Movie Maker, ile ya Windows, huko sauti inatolewaje? Na je mtu wa Mac? Maana dada yangu ana Mac na yeye ana shida hiyohiyo ya kelele.

bi_taimulaini

Movie Maker ya mwisho ile, bofya klipu, juu itatokea Video Tools, ingia Edit, kuna "Video volume", vuta kitelezi kushoto mpaka mwisho. Kama umekata video vipande vipande fanya kwa kila kipande, au chagua vyote kwanza. Ile ya zamani zaidi ya enzi za XP unafungua alama ya kujumlisha pembeni ya treki ya video, sauti inaonekana chini yake, unabofya kulia unachagua Mute. Kama unayo tayari itumie tu, ila usiitafute mtandaoni, Microsoft waliacha kuitoa tangu Januari 2017 na ukiisachi utaangukia tovuti za ajabu zinazokupa kitu chenye jina hilo na mambo mengine ndani. Kwenye Windows 11 siku hizi kuna Clipchamp, humo unaweza kuzima sauti ya klipu kwa kialama cha spika na kuitenganisha na picha pia.

Dada yako mwenye Mac atumie iMovie, anachagua klipu anaenda Modify, kuna "Mute Clip" na kuna "Detach Audio". Mengine ni yaleyale, mapengo na fedi havina Windows wala Mac.

DadaLensi

Naongeza kidogo upande wa simu maana wengi hawana hata hizo laptopu. Kwenye aifoni fungua video kwenye Photos, bonyeza Edit, juu kushoto kuna spika ya njano, iguse ibadilike rangi, imenyamaza. Google Photos nayo ina spika ukiingia kwenye kuediti. Na WhatsApp tangu 2021 ina spika pale juu unapotaka kutuma video, unaigusa kabla ya kutuma. Zote hizi ni za kunyamazisha yote, sio kipande.

Sasa kuhusu ile hofu yako kwamba sauti itarudi, kwenye aifoni inaweza kurudi kweli. Ukimyuti ndani ya Photos video ya asili inatunzwa chini kwa chini, ukibonyeza Revert inarudi na sauti yake. Kwenye simu yako hiyo ni faida, umekosea unarudisha. Lakini ukimtumia mtu kwa AirDrop ukiwa umewasha "All Photos Data" naye anapokea pamoja na historia ya kuediti, yaani anaweza kuirudisha kama wewe. Izime hiyo kabla ya kutuma.

Shemeji_Kamera

Nimerudi. Nimeziba mapengo kwa ule mlio wa ukumbi kama dada @bi_taimulaini alivyoelekeza, nimempa mke wangu asikilize bila kumwambia kitu, hakushtuka popote, akauliza tu mbona safari hii hakuna mtu anayemsema mtu 😅

Za kuingiliana zimebaki mbili, zote kwenye beti la tatu, mistari kama minne. Hapo jina limetajwa juu ya sauti ya mtoto kabisa, siwezi kukata bila kukata shairi. Kuweka muziki beti moja tu katikati naona itakuwa kituko.

bi_taimulaini

Mistari minne ni kidogo, mrekodi mtoto upya. Bado analikumbuka shairi?

Mwonyeshe ile sehemu kwenye skrini huku amevaa hedifoni moja sikioni asikie alivyosoma siku ile, halafu asome tena kwa kasi ileile, wewe unarekodi kwa simu nyingine. Usirekodi beti zima kwa mpigo, rekodi mstari mmoja mmoja, kwa sababu hata akichelewa nusu sekunde kwenye mstari wa kwanza kuchelewa huko hakutahamia kwenye wa pili. Simu usimwekee mdomoni, iache mbali kidogo, maana kwenye video sauti yake ni ya mtu aliye jukwaani, ikija sauti ya karibu kama ya redioni itajulikana. Kisha ingiza kwenye A2, weka juu ya ile ya zamani, tazama mawimbi, pale penye herufi za kupasuka kama "p" na "t" na "k" huwa pana mwinuko unaoonekana kwa macho, zilinganishe hizo mbili zikikaa sawa myuti ya zamani. Chini weka uleule mlio wa ukumbi, bila huo sauti mpya itaelea peke yake.

Mdomo usikutie hofu kama kamera ilikuwa mbali, mtu hatazami mdomo wa mtoto aliye mbali hivyo.

Shemeji_Kamera

Analikumbuka lote, analisoma mpaka akioga. Jioni namkalisha. Ila swali la mwisho, kwenye rekodi ya simu hii nyingine nimejaribu kuweka sauti ndefu kwa majaribio, mwanzo inaenda sawa, kufika mwisho inachelewa, nayo ni nini?

FundiKlipu

Hiyo mara nyingi ni video ya simu, simu nyingi zinarekodi kwa fremu zinazobadilika, mwanga ukipungua inashusha fremu, ukirudi inapandisha, basi programu ya kuediti inachanganyikiwa na sauti inateleza kidogo kidogo. Shotcut yenyewe ukiingiza klipu ya hivyo huwa inakuuliza kama uigeuze iwe rahisi kuediti, ukubali. Isipokuuliza ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, uchague "Constant Framerate". Ila kwa mistari yako minne ya sekunde chache chache haitapata hata nafasi ya kuteleza, we rekodi tu.